Mke Mdogo wa Babu Matano

Siku hoteli ilipofunguliwa tena baada ya arobaini ya Babu Matano, supu ilikataa chumvi.

Tupokigwe, mpishi aliyekuwa pale tangu hoteli ikiwa banda la mabati, alitia kijiko akaonja. Akatia kingine. Mwisho akatia konzi nzima, akakoroga, akaonja tena, akatema pembeni na kumwita Shufaa, mjukuu wa marehemu, ambaye sasa ndiye mwenye hoteli.

"Gwe mwana, njoo uonje. Au ulimi wangu ndiyo umekufa?"

Shufaa akaonja. Maji ya moto yenye mafuta. Akalamba chumvi yenyewe kutoka pakitini, ikawa kali kama kawaida. Akaonja supu tena. Maji.

"Chumvi mbovu," alisema.

"Chumvi inaozaje, wewe?"

Ukungu wa Uyole ulikuwa haujainuka na madereva wa malori ya Tunduma walishaanza kugonga meza. Wakapelekewa supu hivyo hivyo pamoja na chupa za pilipili. Walikula kwa mapenzi ya marehemu, ingawa mapenzi nayo yana mipaka yake mtu akiwa ametoka Makambako bila kutia kitu tumboni.

Huyu Babu Matano lazima aelezwe vizuri, maana wengi waliomsema msibani walimfanya malaika, na malaika hakuwa. Alikuwa mbishi, hanywi dawa mpaka afungiwe chumbani, na mteja aliyeingia bila salamu alikaa na njaa yake. "Salimia kwanza," alikuwa akisema, "njaa yako haikuanza leo." Alizaliwa Tanga, akapanda bara akiwa utingo wa lori, homa ikamwangusha Iringa na dereva akamtelekeza stendi. Aliponea huko huko Iringa, akaosha vyombo kwenye hoteli za watu, akamwoa Bibie, binti wa muuza nguo, kisha wakahamia Uyole na sufuria moja. Sufuria ile ililisha watu wangapi hajui mtu. Mwanafunzi asiye na kitu alikula, mama aliyekosa basi alikula, na hakuna aliyewahi kumsikia Babu akimkumbusha mtu kwamba alimlisha. Bibie alipotangulia, Babu alilia mbele ya wateja bila haya, huku anakoroga.

Alikuwa na mazoea yake mawili, na yote mawili watu waliyazoea mpaka wakaacha kuyaona.

La kwanza, kila alfajiri, kabla chumvi haijaingia, aligonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, ngo, ngo, ngo, akachota bakuli moja na kuliweka dirishani nyuma ya jiko. "Ya mgeni," alisema. Jua likitoka bakuli lilikuwa tupu. Watu walisema ni paka. Tupokigwe aliwahi kumuuliza ni paka gani anayekunywa supu inayochemka, na Babu akacheka tu.

La pili lilikuwa Shufaa. Mama yake alifariki Shufaa angali mdogo, baba yake Mbwana akabaki na biashara yake ya mchele Iringa mjini, kwa hiyo msichana alilelewa kati ya meza zile. Na Babu, kama mababu wote wa nchi hii, alimwita mke.

"Mke wangu!" alikuwa akipaaza sauti kutoka jikoni.

"Abee, mume wangu!" Shufaa alikuwa akiitika.

Madereva walipenda mno. Walimuuliza mzee ametoa mahari gani, naye akajibu chapati. Shufaa alipoolewa na Faraji, fundi wa redio, Babu alisimama arusini akalalamika kuwa ameporwa mke mchana kweupe, na Faraji akamlipa jogoo ndipo akanyamaza. Utani tu. Hakuna nyumba isiyo na utani huo.

Ndiyo maana siku ya arobaini, watu walipomtaka Shufaa aseme neno, alivaa aproni ya Babu, akagonga upawa kwenye sufuria, akaiga sauti ile nzito: "Mke wangu! Supu ya mgeni iko wapi?" Kisha akageuka upande wa pili akajijibu kwa sauti yake: "Abee, mume wangu, naileta!" Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Sheikh alicheka. Mchungaji wa jirani alicheka. Lakini supu ya mgeni hakuna aliyeipeleka.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile.

Samwel, dereva mzoefu wa pale, alikuja dirisha la jikoni kuomba supu ya kuongezea. Mkono mmoja alishika bakuli, na mwingine akaushika mkono wa Shufaa.

"Mume ndiyo hivyo kaenda," alitania. "Si nikuoe mimi?"

Harufu ya karafuu ikaja. Babu alikuwa mtafunaji wa karafuu, na kwa nukta moja Shufaa alifurahi. Kisha chini ya karafuu ikapanda harufu nyingine, ya buchani asubuhi kabla sakafu haijaoshwa. Shingo ya Samwel ikaingia ndani. Shufaa aliona kabisa ngozi ikibonyea, vidole vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili, na mkono wenyewe haupo, halafu mtu mzima mwenye kilo zake akavutwa kupitia dirishani akapiga magoti mbele ya jiko, na uso wake ukashindiliwa ndani ya sufuria inayochemka ukashikiliwa humo, miguu ikirusha mateke, mapovu yakitoka, wanaume watatu wakimvuta kiuno bila kumsogeza hata kidogo, mpaka kitu kile kilipoamua chenyewe kumwachia. Kilichotoka kwenye sufuria hakikuwa uso wa Samwel waliyemjua.

Hospitalini waliandika kifafa. Watu wa Uyole nao walisema kifafa, kwa sababu walitaka iwe kifafa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya Anord, mchoma chapati, kijana wa Kihehe asiye na maneno. Alikuwa anageuza chapati alipoweka kiganja chake juu ya chuma cha moto na kukiacha. Mafuta yalilia. Yeye hakulia. Tupokigwe alipomrukia kumtoa alikuta mkono mgumu kama mti, na Anord akamgeukia Shufaa, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Babu kwa kila kitu isipokuwa huruma.

"Mume kafa," ilisema. "Mke hakukaa eda. Mke anacheka na wanaume. Mke analala na mwanamume. Mke anatia chumvi."

"We nani?" Shufaa alinong'ona.

"Mgeni. Siku ya arobaini uliniita, ukasema unaleta. Sijaona kitu."

Kiganja kikang'oka, ngozi ikabaki kwenye chuma, na Anord akaanza kupiga kelele kwa sauti yake mwenyewe.

Shufaa alimwekea mgeni bakuli dirishani, lisilo na chumvi. Likaisha mbele ya macho yake, supu ikishuka taratibu kama kuna mtu anavuta kwa mrija. Kisha bakuli likarushwa likapasukia ukutani karibu na sikio lake.

Jioni Faraji alikuja kufunga hoteli. "Biashara basi," alisema, "twende nyumbani, mke wangu," na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Alikamatwa mguu. Akaburutwa chini ya meza, kucha zake zikichora sakafu, mpaka ndani ya stoo, na mlango ukajifunga, na kwa muda ambao Shufaa aliupiga mlango ule kwa mabega na ngumi na mwisho kwa mtwangio, alisikia mumewe akitupwa ukuta huu na ukuta ule, akasikia mbavu zikikatika moja moja, akasikia Faraji akiomba, kisha akasikia Faraji haombi tena. Mlango ulipofunguka alikuwa hai, sikio moja linaning'inia. Na Shufaa alipoinama kumwinua, kiganja baridi kikamkaa tumboni, pale ambapo mimba yake ilikuwa imeanza kucheza, kikabonyeza polepole mpaka akakosa pumzi.

"Hiki si cha mume wako," sauti ya Babu ilimwambia sikioni. "Nitakitoa kabla mvua hazijakatika. Nikikitoa tutaishi vizuri."

Tupokigwe ndiye aliyemwokoa kwa kukumbuka. Kila mwaka, alisema, Babu alikuwa akituma sukari na kanga kwa bibi mmoja wa Idodi, njia ya mbugani, akiagiza madereva wasimfungulie mtu mzigo ule.

"Nikamuuliza siku moja, huyo ni nani wako? Akasema, ndiye aliyenipa mgeni."

Wakaondoka wawili alfajiri. Iringa walipita kwa Mbwana, baba yake Shufaa, kwa sababu wasingeweza kupita bila kumsalimu. Mbwana aliwapa chai. Ukutani alikuwa amening'iniza picha ya Babu akiwa na upawa mkononi, kubwa kuliko picha ya arusi yake mwenyewe.

"Mzee wangu aliinuka kwa mikono yake mitupu," Mbwana alisema akiitazama. "Hakumtegemea mtu wala kitu. Nikipata shida dukani, naitazama hii."

Tupokigwe alimkanyaga Shufaa mguu chini ya meza. Shufaa akanywa chai yake. Alishindwa kumwambia.

Bi Tekla wa Idodi alikuwa amebaki mifupa na macho. "Kamwene, mnyalukolo," alimpokea Shufaa kwa Kihehe, kisha akamtazama tumbo na kuacha kutabasamu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Babu yako aliletwa kwangu na homa, yuko nusu kaburini," alisema. "Nilimpa jini akamshika mkono. Mimi nilitaka amrudishe akipona. Yeye akaona jini ana faida, moto hauzimi, wateja hawapungui. Wakawekeana agano mbele yangu. Jini akasema, nilishe kila siku kabla ya chumvi. Matano akasema, nitakulisha mpaka nife, na nikifa mke wangu atakulisha, wewe na yeye mtakuwa nyumba moja."

"Alikuwa anamsema Bibie," Shufaa alisema.

"Alikuwa anamsema mke. Bibie akafa. Halafu kila siku mbele ya sufuria ile ile anamwita nani mke? Na nani anaitika?"

"Bibi, ule ni utani!"

"Kwenu. Ndoa ni maneno na mashahidi. Yeye alisema, wewe uliitika, watu wakashuhudia wakicheka. Jini hajui utani, mjukuu wangu. Hana babu wa kumtania."

Shufaa alilia. Alimlilia Faraji, na mtoto, na zaidi, ingawa aliona aibu, alimlilia Babu, kwamba mkono uliomlisha ulikuwa unamfunga kamba kila asubuhi bila kujua.

"Talaka mwenyewe hawezi kutoa, yuko udongoni," Bi Tekla alisema. "Kwa hiyo utaikana ndoa mbele ya wale wale waliocheka. Yeye atakuita. Atakuita kwa sauti unayoipenda. Ukiitika mara moja tu, mimi nitarudi Idodi na wewe utabaki naye."

Wakarudi naye Uyole. Kulipopambazuka jikoni walisimama mashahidi: Tupokigwe, Anord na kiganja chake kilichofungwa, madereva waliozoea meza ya mbele, na Samwel, aliyetoroka wodini, kichwa kizima kimezungushwa bendeji likaachwa tundu la jicho moja. Sufuria ilichemka. Shufaa alichota bakuli, akatia chumvi, akaonja. Maji.

"Mimi ni Shufaa binti Mbwana," alianza. "Matano alikuwa babu yangu."

Aproni iliyokuwa imetundikwa msumarini ikajaa. Ilijaa kifua, ikajaa tumbo, ikashuka chini na kusimama bila miguu, na harufu ya buchani ikafunika jiko lote.

"Mke wangu," aproni iliita.

Mwili mzima wa Shufaa uliinuka kuitika. Aling'ata ulimi.

"Hakuwa mume wangu," alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Mke wake alikuwa Bibie, na Bibie amekufa. Mimi ni mjukuu."

"Ni mjukuu," mashahidi walisema. "Tulicheka. Ilikuwa utani."

Mtwangio ukanyanyuka wenyewe ukamvunja Bi Tekla mkono, ukarudi ukampiga dereva mmoja mdomoni, meno yakatawanyika sakafuni, na masufuria yakaruka rafuni, na moto ukatoka jikoni ukawalamba miguu, na Samwel, asiyeona vizuri, akapigwa magoti yote mawili akaanguka, akasema akiwa chini hapo hapo, kwa kinywa kisicho na midomo, kwamba yeye alicheka kuliko wote na ilikuwa utani. Bi Tekla alikuwa amekaa sakafuni, mkono umekunjika pasipo na kiungo, akimhimiza Shufaa atie chumvi, atie chumvi, asitazame.

Kisha vyote vikatulia. Na sauti ikaja ya chini, iliyochoka, sauti ya Babu wa siku za mwisho kitandani.

"Mke wangu mdogo. Huku kuna baridi. Hata kuniitika tu hutaki?"

Hapo ndipo alipokuwa karibu kabisa. Alikumbuka alivyokuwa akimfunika blanketi, naye akimwambia kuwa hajawahi kuona mke mwema hivi. Alitamani aitike tu, mara moja, halafu liwalo na liwe. Mtoto akampiga teke tumboni.

"Babu yangu hayupo hapo," alisema. "Wewe ni mgeni, na mgeni hula tunachokula sisi." Akalibeba bakuli, akalimwaga juu ya aproni.

Mlio ule ulisikika mpaka sokoni. Aproni ilijikunja kama mtu aliyechomwa kisu, ikampiga Shufaa mkono, ngozi ikachubuka kuanzia kiwiko mpaka kiganjani, ikajirusha ukutani mara nyingi, damu isiyo ya mtu ikiruka mpaka darini, kisha ikaanguka kitambaa kitupu. Tupokigwe alikuwa wa kwanza kusogea. Alichovya kidole kwenye sufuria.

"Chumvi kibao," alisema, akaketi chini akalia.

Bi Tekla alifungwa mkono kwa mbao za kreti. Kabla ya kuondoka alimshika Shufaa kidevu.

"Hajafa. Amekosa mlango tu, na mlango wake ni neno lile. Ndani ya damu ya Matano, babu yeyote asimwite mjukuu hivyo. Waambie wote. Umesikia? Wote."

Shufaa aliwaambia. Alimwambia Faraji, aliyekuwa anajifunza upya kupumua. Aliwaambia mashangazi wa Tanga kwa simu, wakamwombea dua. Kwa baba yake alipiga mara nyingi, na kila mara Mbwana alipokea na kuanza kumsimulia jambo jingine la mzee, jinsi alivyoinuka kwa mikono mitupu, na Shufaa akaona acha, mtu mmoja angalau abaki na Babu aliye mzima. Angemwambia siku nyingine.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Siku ya arobaini yake hoteli ilifungwa kwa wateja na kufunguliwa kwa ndugu. Samwel alikuja amevaa barakoa, Anord alichoma chapati kwa mkono wa kushoto. Mbwana alifika na basi la asubuhi kutoka Iringa, ile picha ya Babu ameizungushia gazeti, zawadi ya ukuta wa hoteli. Shufaa alikuwa uani anapokea wageni. Alimwona baba yake kupitia mlangoni akimpokea mtoto kutoka kwa Faraji, akimwinua juu, meno yote nje, akawa babu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Shufaa akatupa sinia na kukimbia.

"Haya, mke wangu!" Mbwana alisema. "Umemwona mumeo?"

Wageni wa Iringa wakacheka. Wa Uyole wakanyamaza wote. Mbwana alitazama huku na huku, mtoto mikononi, hajui amekosa nini.

Jikoni hapakuwa na mtu. Upawa ukagonga ukingo wa sufuria, ngo, ngo, ngo, na mtoto, aliyekuwa analia tangu asubuhi, akanyamaza akageuza shingo upande ule.

Shufaa alimnyakua, akamkumbatia. Alisikia Tupokigwe akiingia jikoni, akasikia kijiko, kisha kimya. Tupokigwe akatokea mlangoni, uso umempauka, kijiko bado mkononi.

"Gwe mwana," alinong'ona. "Njoo uonje."